Misaada ya Kilimo na Hifadhi ya Ardhi: Mwananchi Aanzie Wapi?

Kila msimu wa mvua unapokaribia, ofisi za kata za Wilaya ya Kondoa hupokea maswali yanayofanana. Mkulima anauliza mbolea ya ruzuku inapatikana wapi. Kikundi cha akina mama kinauliza mkopo wa Halmashauri unaombwaje. Kaya iliyoliwa mahindi na tembo inauliza iende kwa nani. Kijiji ambacho korongo linazidi kukata njia ya shule kinauliza nani atakileta kifaa cha kuzuia maji. Majibu ya maswali haya yapo, na mengi yamewekwa katika sheria. Tatizo ni kwamba yametawanyika katika wizara, wakala na mifuko mbalimbali, na mwananchi hulazimika kuyatafuta moja moja, mara nyingi wakati msimu umekwisha kupita.

Makala hii inayakusanya mahali pamoja. Inaeleza misaada mikuu ya Serikali katika kilimo na hifadhi ya ardhi, mahali pa kuiombea, na sababu zinazowafanya baadhi ya wananchi waikose ilhali wanastahili.

Kutoka HADO hadi sasa

Wazee wa Kondoa wanaikumbuka Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa kifupi kama HADO. Mradi huo ulianza mwaka 1973, wakati milima ya Irangi ilikuwa imechanwa na makorongo na mchanga ukifunika mashamba ya bondeni. Mitambo ilichimba makinga maji, miche ikapandwa, na mwaka 1979 Serikali ikaamua mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,256. Uamuzi huo ulikuwa mchungu kwa kaya zilizoishi kwa ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo nyasi zilirudi, miti ikaota katika miteremko iliyokuwa uchi, na baadaye ufugaji wa ndani wa ng'ombe wa maziwa ukaruhusiwa. Mradi ulifikia kikomo mwaka 1996.

Historia hiyo ina funzo moja kwa mwananchi wa leo. Enzi za HADO, msaada ulimfuata mkulima alipo. Wataalamu walikuja na mitambo, wakapima, wakachimba na kuamuru, na aliyetaka na asiyetaka wote walifikiwa. Utaratibu wa sasa umegeuka. Msaada mwingi hutolewa kwa anayeomba, aliyeandikishwa na mwenye kumbukumbu zinazothibitisha anachokisema. Mkulima anayesubiri afuatwe shambani kama zamani, huenda akasubiri hadi korongo limfikie mlangoni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika misaada ya kilimo, usemi huo ndio kanuni ya kwanza.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya kijiji

Karibu kila msaada utakaotajwa hapa huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji. Yeye ndiye anayemtambua mkazi, anayetunza daftari la kijiji, anayepokea taarifa za majanga na anayeandika barua za utambulisho. Kwa hiyo kabla ya kuulizia msaada wowote, mwananchi ahakikishe mambo manne yako sawa.

Kwanza, utambulisho. Kitambulisho cha Taifa, au walau namba yake, huombwa karibu kila mahali. Jina lililo katika kitambulisho lilingane na jina lililo katika daftari la kijiji na katika usajili wa laini ya simu. Mtu anayeitwa Juma katika karatasi moja na Jumanne katika nyingine hujichelewesha mwenyewe.

Pili, simu. Taarifa nyingi hutumwa kwa ujumbe mfupi. Mkulima anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto wake aliyehamia mjini huwa amekabidhi haki yake kwa mtu asiyekuwepo.

Tatu, shamba. Ukubwa wake uelezwe kwa usahihi, pamoja na mahali lilipo na zao linalolimwa. Ushahidi ulio bora kuliko wote ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na hati inaweza kubeba majina ya mume na mke kwa pamoja. Jambo hili lina uzito mkubwa siku kifo au talaka inapotokea.

Nne, kikundi. Ipo misaada ambayo mtu mmoja hawezi kuipata peke yake. Kikundi chenye katiba, viongozi waliochaguliwa, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki huwa tayari fursa inapotangazwa. Kikundi kinachoundwa wiki ya mwisho ili kuwahi fedha hutambulika mapema, na hakidumu.

Pembejeo za ruzuku

Mpango wa sasa wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa tarehe 8 Agosti 2022 jijini Mbeya, katika kilele cha maonesho ya Nanenane, baada ya bei ya mbolea duniani kupanda sana. Unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mkulima huandikishwa katika ofisi ya kijiji, bila malipo yoyote. Taarifa zake huingizwa katika mfumo wa kidijitali, naye hupewa namba. Akifika kwa wakala aliyesajiliwa, hutumia namba hiyo kununua mbolea kwa bei yenye ruzuku, kulingana na ukubwa wa shamba na zao alilolitaja.

Ruzuku haimaanishi mbolea ya bure. Serikali hubeba sehemu ya gharama na mkulima hulipa inayobaki. Katika msimu wa 2022/2023, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia aina ya DAP ulipangiwa bei ya shilingi 70,000, na mfuko wa urea shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imevuka shilingi 120,000. Bei hubadilika kwa misimu, hivyo mkulima aulize bei elekezi ya msimu husika kabla ya kutoka nyumbani na fedha.

Ichukuliwe hesabu ya mkulima wa ekari tatu za mahindi. Akitumia kipimo kilichozoeleka cha mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari, anahitaji mifuko sita. Kwa bei ya msimu ule, ilimpasa awe na shilingi 420,000. Ikiwa aliandikisha ekari moja tu miaka iliyopita, kisha akaongeza shamba bila kuhuisha taarifa zake, mfumo utamtambua kwa ekari moja. Atapata mifuko miwili ya ruzuku, na ekari mbili zilizobaki atazihudumia kwa bei ya soko au ataziacha bila mbolea. Dakika chache za kuhuisha taarifa katika ofisi ya kijiji zingemwondolea hasara hiyo. Kuhuisha taarifa kabla ya kila msimu ni wajibu wa mkulima mwenyewe.

Upande mwingine wa jambo hili ni uaminifu. Anayeandikisha ekari kumi ilhali analima mbili, akanunua mbolea ya ziada na kuiuza, humnyima jirani yake na hujiweka katika hatari ya kushtakiwa.

Ushauri wa ugani na afya ya udongo

Kabla ya kununua mbolea, mkulima amwone Afisa Ugani wa kijiji au kata. Huduma yake ni msaada wa Serikali kama ilivyo ruzuku, ingawa wengi hawauhesabu. Serikali imewapatia maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia afya ya udongo ili wafike mashambani. Udongo wenye uchachu uliokithiri hauwezi kuitumia vizuri mbolea unayopewa, na mchanga usio na mboji huipoteza kwa mvua moja kubwa. Katika wilaya yenye msimu mmoja wa mvua, kosa la Desemba halina Machi ya kulirekebisha.

Afisa Ugani pia hufundisha namna ya kupima kontua kwa kifaa chepesi cha mbao kinachoitwa fremu A, kuchimba makinga maji ya fanya juu na fanya chini, kupanda majani ya malisho juu ya tuta, na kuchanganya samadi na mbolea ya dukani. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji nguvu za kaya au za majirani wanaoshirikiana, na mtaalamu wa kuwaonesha mstari ulipo. Makinga maji yaliyochimbwa bila kupima huweza kukusanya maji mahali pamoja na kuanzisha korongo jipya.

Mikopo isiyo na riba na mikopo ya benki

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha kusindika alizeti, kufuga kuku, kufuga nyuki au kulima mbogamboga kinaweza kuomba. Mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, anayesaidia kusajili kikundi na kuandaa andiko la mradi.

Fedha hizi ni za kuzunguka. Kikundi kinachorejesha hufungua njia kwa kikundi cha jirani, na kikundi kisichorejesha huifunga. Wanakikundi wajiulize mapema mradi wao utaanza kuingiza fedha mwezi gani. Anayekopa kwa ajili ya zao linalovunwa Mei, lakini akakubali kuanza marejesho Februari, amejitengenezea deni la pili la kulipia la kwanza.

Kwa mahitaji makubwa zaidi ipo Mifuko na benki za Serikali. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hukopesha kwa ajili ya pembejeo na zana za kilimo, yakiwemo matrekta. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) hukopesha, na pia hudhamini mikopo ya wakulima wadogo katika benki nyingine kupitia mfuko maalumu wa dhamana. Chama cha ushirika cha mazao chenye hesabu safi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa kuliko mkulima mmoja mmoja. Hii ni sababu ya ziada ya wanachama kudai taarifa za fedha katika mikutano yao.

Misitu, miti na vyanzo vya maji

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuandalia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kubaki na mapato yanayotokana nao. Kwa kijiji chenye kilima cha miombo kinachochomwa mkaa kila kiangazi, huu ni msaada mkubwa, maana unabadilisha mali isiyo na mwenyewe kuwa chanzo cha mapato ya zahanati na madawati.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Misitu Tanzania, unaotoa ruzuku kwa vikundi, watu binafsi na taasisi kwa ajili ya kupanda miti, kutunza misitu ya asili na kufuga nyuki. Mfuko hutangaza muda wa kupokea maandiko, na waombaji hupimwa kwa ubora wa andiko. Kitengo cha Maliasili na Hifadhi ya Mazingira cha Halmashauri hushauri namna ya kuliandaa. Andiko lieleze eneo ni lipi, nani analimiliki, miche itatoka wapi, nani ataimwagilia mwaka wa pili, na ng'ombe watazuiwaje. Miradi mingi ya miti hufa katika mwaka wa pili, baada ya picha za uzinduzi kupigwa.

Kuhusu vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mkulima anayepanga kuomba msaada wa umwagiliaji apime kwanza umbali huo. Ombi lenye shamba lililo juu ya ukingo wa mto litakwama hata kama karatasi nyingine zimekamilika.

Kazi kubwa kama lambo, skimu ya umwagiliaji au kuziba korongo linalotishia barabara haziombwi na mtu mmoja. Huibuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huingia katika bajeti ya Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Kijiji ambacho mkutano wake haukuandika korongo katika muhtasari hakiwezi kulilalamikia mwezi Juni. Katika vijiji vyenye walengwa wa TASAF, baadhi ya kazi za hifadhi ya ardhi, kama kuchimba makinga maji na kuanzisha vitalu vya miche, huweza kufanywa kupitia ajira za muda, kwa wananchi kuzichagua wao wenyewe.

Wanyamapori wanapoharibu

Vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba Mkungunero vinaijua adha ya tembo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 zimeweka malipo ya aina mbili. Kifuta jasho hutolewa kwa uharibifu wa mazao na mifugo. Kifuta machozi hutolewa mtu anapojeruhiwa au kufariki. Majina haya yamechaguliwa kwa makusudi. Malipo hayo si fidia ya thamani kamili ya kilichopotea. Ni mkono wa pole wa Serikali, wenye viwango vilivyopangwa, ukomo wa ekari na masharti yanayohusu umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi.

Familia nyingi hukosa malipo haya kwa sababu ya saa chache za mwanzo. Mwenye shamba, kwa uchungu, hukata mabua yaliyobaki na kuyapeleka kwa mifugo. Afisa anapofika hakuna cha kupima. Utaratibu ulio sahihi ni kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyohiyo, kuacha shamba kama lilivyo, kupiga picha ikiwezekana, na kusubiri tathmini ya Afisa Kilimo na Afisa Wanyamapori. Fomu ikijazwa, mwombaji aisome kabla ya kutia sahihi na abaki na nakala. Malipo hupita ngazi hadi wizarani na huchukua muda, hivyo nakala hiyo ndiyo itakayomsaidia kufuatilia.

Ombi linapokwama

Ombi linaweza kukataliwa kwa haki au bila haki. Mwombaji anastahili kuelezwa sababu. Aiombe kwa maandishi, kisha afuate ngazi: Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, mkuu wa divisheni au kitengo husika katika Halmashauri, na hatimaye Mkurugenzi Mtendaji. Diwani na Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kukaa walau kila baada ya miezi mitatu, nao ni mahali halali pa kuhoji orodha za wanufaika.

Kuandikishwa katika mpango wa ruzuku hakulipiwi. Mtu yeyote anayedai "chai" ili aweke jina katika orodha, au anayepita vijijini akikusanya namba za vitambulisho kwa ahadi ya mkopo, aripotiwe kwa uongozi wa kijiji au TAKUKURU kwa kupiga namba 113 bila malipo.

Kalenda fupi ya mkulima

Baada ya mavuno, kikundi kifanye hesabu, kirejeshe mkopo na kihuishe mihtasari yake. Julai hadi Septemba, mkulima ahuishe taarifa za ruzuku, apime udongo na achimbe makinga maji wakati ardhi ni kavu na kazi nyingine zimepungua. Oktoba na Novemba, anunue mbolea na mbegu zilizothibitishwa, atunze stakabadhi na mfuko wa mbegu, kwani ndio ushahidi wake mbegu zisipoota. Wakati wa mvua, apande miche na aripoti uharibifu siku unapotokea. Na katika kila Mkutano Mkuu wa Kijiji, ahudhurie na ahakikishe hoja yake imeandikwa katika muhtasari.

Miteremko ya Kolo, Mnenia na Haubi ni ushahidi kwamba ardhi iliyochoka inaweza kupona. Ilipona mara ya kwanza kwa amri na mitambo. Safari hii uponyaji wake utategemea wananchi wanaojua wanachostahili, wanaokiomba kwa wakati, na wanaotunza karatasi zao kama wanavyotunza mbegu ya msimu ujao.